Sura ya Sita: Herufi Zenye Makali Chini ya Jua la Turkana

"Si mvua ya kwanza itaifuta?" Ndivyo watu wengi wanavyouliza wakiambiwa kwamba kibao cha duka, cha shule au cha zahanati kinaweza kuandikwa kwa rangi ya maji. Wamezoea kuona rangi ya mafuta kwenye bati na rangi ya maji kwenye kuta za sebule, na hawaoni sababu ya kubadilisha mambo. Swali la pili hufuata hapo hapo: "Na mimi nisiye na mkono wa kuandika, nitapataje herufi zilizonyooka?"

Maswali haya yana uzito wake katika kaunti ya Turkana. Kutoka Kapedo, kule kusini mpakani na Baringo, hadi Lodwar, kisha kilomita 120 hivi zaidi hadi Kakuma, msafiri huongozwa na vibao: shule, kisima, kanisa, msikiti, duka la dawa za mifugo. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na biashara zake leo zinapita 2,000, za Wasomali, Waethiopia, Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi na wenyeji. Kila mwenye duka anataka jina lake lisomeke mlangoni. Na kibao kinapofifia, si mwenye duka peke yake anayepata hasara. Mama aliyembeba mtoto mgonjwa anaweza kuipita zahanati asijue kuwa ameipita.

Jibu la swali la pili liko katika kazi ya kuziba. Unafunika sehemu isiyotakiwa kupata rangi, unapaka juu yake, unaondoa kifuniko, na herufi inabaki. Kila Mkenya ameiona kazi hii hata kama hakujua. Tangu Februari 2004, kanuni za usafiri zilizoletwa na Waziri John Michuki ziliagiza matatu ziwe na mstari wa njano usiokatika ubavuni. Mstari ule haupakwi kwa kukisia. Fundi hubandika tepu ya karatasi juu na chini, akapaka njano katikati, kisha akaibandua. Anayeweza kupaka mstari huo anaweza kupaka herufi I, na anayeweza kupaka I atafika hadi S kwa subira.

Rangi ya maji juu ya bati

Tuanze na rangi yenyewe. Kila rangi ina vitu viwili vikuu: unga unaoleta rangi tunayoiona, na gundi inayoushikisha unga huo mahali ulipopakwa. Akriliki ni aina ya rangi ya maji ambayo gundi yake ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini. Maji yakikauka, chembe hizo hukaribiana, hubanana na kuungana zikawa utando mmoja. Utando ukishaungana, maji hayawezi kuutenganisha tena. Ndiyo maana brashi yenye akriliki mbichi husafishika kwa maji ya bomba, lakini ukiisahau usiku mmoja imekwisha. Rangi za nyumba za namna hii zilianza kuenea baada ya 1953, kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ilipotoa gundi ya akriliki ya kuchanganywa na maji.

Kwa hiyo mvua haifuti akriliki iliyokauka sawasawa. Lodwar kwenyewe hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka. Adui mkubwa wa kibao huko ni jua, na tutamfikia.

Tahadhari moja: si kila rangi ya maji ni akriliki. Rangi nyingi za bei nafuu za kupaka ndani ya nyumba hutumia gundi dhaifu zaidi, isiyostahimili unyevu. Soma kopo. Litafute neno akriliki, na litafute pia neno linaloonyesha kuwa rangi ni ya matumizi ya nje. Usipoyaona yote mawili, usiitumie kwa kibao.

Sasa bati. Mabati yetu ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Wengi huamini kuwa bati linataka rangi ya mafuta, na hapa imani hiyo inawagharimu. Rangi ya mafuta ya kawaida ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, viambato vyake vya mafuta hugeuka polepole kuwa sabuni katikati ya bati na rangi. Ni sabuni kweli, kwa maana ya kikemia. Baada ya muda rangi huanza kutoka magamba makubwa, na chini yake bati linang'aa kama halijawahi kuguswa. Mwenye kibao humlaumu fundi, au huilaumu rangi kuwa ni ya kughushi, kumbe tatizo ni ndoa mbaya ya zinki na mafuta. Akriliki haina mafuta hayo, na kwa sababu hiyo inakaa vizuri zaidi juu ya bati lililosafishwa.

Ukuta mpya wa saruji una ukali wake pia, unaoshambulia mafuta kwa njia hiyo hiyo. Akriliki huustahimili, lakini ungoje plasta ikauke siku 28 kabla ya kupaka chochote.

Mahali ambapo akriliki hushindwa ni juu ya rangi ya mafuta ya zamani inayong'aa. Haina pa kushika. Huna budi kuikwaruza kwa msasa hadi mng'ao uishe. Fanya hivyo kwa msasa wa maji, uso ukiwa umelowa, kwa maana rangi za zamani, hasa njano na machungwa kali, huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kibao cha shule kisikwaruzwe uwanjani wanafunzi wakicheza.

Kwa ufupi: akriliki ya nje, bati safi, saruji iliyokauka, na msasa juu ya rangi yoyote inayong'aa.

Kwa nini Kapedo ni ngumu kuliko Kakuma

Vifuniko viko vya aina mbili. Cha kwanza ni stensili, yaani kipande kigumu kilichokatwa matundu yenye umbo la herufi. Unakiweka, unapaka, unakiondoa, unakitumia tena. Cha pili ni stika ya kuziba, karatasi au plastiki yenye gundi nyuma inayobandikwa kwenye kibao, ikatumika mara moja na kutupwa.

Ili kuona tofauti yake, andika majina ya miji hii mitatu kwa herufi kubwa. KAKUMA ina herufi mbili tu zenye sehemu iliyozungukwa pande zote, nazo ni zile A mbili. LODWAR ina nne: O, D, A na R. KAPEDO nayo ina nne: A, P, D na O. Sehemu hiyo iliyozungukwa tuiite kisiwa. Ukikata O kwenye manila, kisiwa chake huanguka chini na unabaki na shimo la duara. Ili kisianguke, lazima uache vijiti vyembamba vinavyokiunganisha na bara. Hayo ni madaraja, na ndiyo huzipa herufi za makreti na za masanduku ya jeshi mikato yake inayojulikana.

Sasa ongeza anwani. Msimbo wa posta wa Lodwar ni 30500. Sufuri tatu, visiwa vitatu. Shule inayotaka jina, sanduku la posta na kaulimbiu kwenye kibao kimoja inaweza kuhitaji madaraja mengi kabla haijafika mstari wa mwisho. Katika soko la Kakuma kazi huzidi, kwa sababu maandishi si ya Kilatini peke yake. Herufi kadhaa za Kiamhara zina vitundu vidogo vya duara, na Kiarabu huunganisha herufi zake katika mstari unaotiririka ambao daraja lililowekwa ovyo huukata mahali pasipostahili.

Stika ya kuziba huondoa taabu hiyo, kwa sababu kisiwa kina gundi yake chenyewe. Kinakaa mahali pake bila daraja. Basi kanuni yangu ni hii: kwa neno litakalorudiwa mara nyingi, kama namba za madawati, madebe ya kikundi au milango ya vyoo vya shule, kata stensili na ukubali madaraja. Kwa kibao kimoja chenye jina la heshima, tumia stika.

Si lazima uwe na mashine ya kukata. Karatasi ya plastiki yenye gundi ambayo wanafunzi hufunikia vitabu inafaa, mradi uijaribu kwanza pembeni uone kama inabanduka bila kung'oa rangi. Kwa stensili, tumia manila uliyoipaka mafuta yanayokauka, kama ya kitani, ukaianika hadi ikakauka kabisa. Filamu ya eksirei iliyokwisha kazi ni bora zaidi, kwani haifyonzi rangi na husafishika kwa kitambaa. Kata kwa wembe mpya. Wembe butu huvuta, na palipovutwa rangi itapenya.

Rangi inapopenya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu amekata vizuri, amebandika vizuri, amepaka kwa uangalifu. Anapobandua, ukingo wa herufi una manyoya. Rangi imepenya chini ya kifuniko.

Sababu ni kwamba hakuna kibao kilicho laini kabisa. Bati lina mikwaruzo, ukuta una chembe za mchanga, rangi ya kwanza ina alama za brashi. Kati ya kifuniko na uso hubaki njia ndogo zisizoonekana, na rangi nyepesi hunyonywa ndani yake kama chai inavyopanda kwenye mandazi uliyoyachovya ncha tu. Kubonyeza kwa nguvu kunasaidia, lakini hakuzibi kila njia.

Dawa yake ni rahisi, nayo ni siri ambayo kila anayeandika vibao anapaswa kuijua. Baada ya kubandika kifuniko, usianze na rangi ya herufi. Paka kwanza kwenye kingo utando mwembamba wa rangi ile ile ya kibao. Kama kibao ni cheupe na herufi zitakuwa nyeusi, anza na nyeupe. Nyeupe hiyo ndiyo itakayopenya, na kwa kuwa imepenya juu ya nyeupe mwenzake haitaonekana. Ikikauka imeziba njia zote. Nyeusi itakayofuata haina pa kupita. Nimewaonyesha watu wengi jambo hili, na hakuna hila nyingine katika kazi hii inayoleta tofauti kubwa hivyo kwa jitihada ndogo hivyo.

Utaratibu wote unakwenda hivi:

1. Osha bati kwa sabuni, lisuuze vizuri, likauke. Bati jipya lenye utelezi lipitishie msasa mwembamba.
2. Paka rangi ya kibao mara mbili na uiache hadi kesho yake. Rangi changa hung'olewa na gundi ya stika.
3. Bandika kifuniko, usugue kila ukingo kwa mgongo wa kijiko.
4. Ziba kingo kwa rangi ya kibao. Ngoja ikauke.
5. Paka rangi ya herufi, tabaka mbili nyembamba. Brashi ielekee kutoka kwenye kifuniko kuingia ndani ya herufi, isisukume kinyume. Kwa stensili tumia sponji iliyokaribia kuwa kavu, ugonge bila kufuta.
6. Bandua.

Kubandua nako kuna wakati wake. Ngoja hadi tabaka la mwisho lisishike kidole, lakini lisiwe limekakamaa. Ukiwahi, rangi itachuruzika. Ukichelewa, utando wa akriliki utakuwa umeunganisha herufi na kifuniko kuwa kitu kimoja, na utakapovuta utachana ukingo. Ikitokea umechelewa, pitisha ncha ya wembe taratibu kando ya herufi kwanza. Vuta kifuniko kwa kukikunja nyuma juu ya chenyewe, karibu na uso, polepole.

Jua, upepo na maji ya Kapedo

Maelekezo yaliyochapishwa kwenye makopo mengi ya rangi hufikiria hali ya hewa ya wastani. Lodwar si hivyo. Mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita, na bati lililo juani huwa la kuunguza mkono. Ukipaka akriliki juu ya bati hilo, maji hukimbia kabla chembe hazijapata nafasi ya kuungana. Ngozi ya juu hukauka, chini kukiwa bado kubichi. Brashi hukwama, utando huwa na nyufa ndogo, na rangi hiyo haitadumu hata ikionekana nzuri siku ya kwanza.

Kibao kinachobebeka kifanyie kazi kivulini tangu mwanzo hadi mwisho, chini ya mti au ndani ya chumba chenye hewa. Ukuta haubebeki, basi ufuate kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Gusa kwanza kwa kiganja. Pasipokalika kiganja pasipakwe rangi. Wala usiache stika usiku kucha ukategemea kuimalizia kesho. Joto hulainisha gundi yake, ikabaki kwenye kibao na kukusanya vumbi.

Upepo ni jambo la pili. Kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia kuna uwazi ambamo upepo wa Turkana hupita kwa nguvu, na ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Kwa mwandishi wa vibao upepo huo huleta mchanga juu ya rangi mbichi na huharakisha ukaukaji zaidi ya jua. Simamisha turubai upande unakotoka upepo.

Jambo la tatu ni maji. Chemchemi za moto za Kapedo zinazoanguka kuingia mto Suguta ni maajabu ya kutazama, maji yake yakiwa na joto la karibu nyuzi 50. Lakini yana chumvi na magadi, na hayafai kuingia katika kopo la akriliki. Chumvi huzifanya chembe za plastiki zigandamane kabla ya wakati, na rangi ikawa na madonge. Hata ukiuosha ukuta kwa maji hayo, yakikauka huacha unga mweupe unaoisukuma rangi itoke. Tumia maji ya mvua, au yale yanayonyweka. Na uyatumie kidogo: rangi iliyozimuliwa sana haina gundi ya kutosha kujishika.

Nyekundu huondoka kwanza

Ukitembea katika mji wowote wa kaskazini utaona vibao vilivyopoteza nusu ya maneno. Jina lililoandikwa kwa nyeusi lipo. Onyo lililoandikwa kwa nyekundu limetoweka. Unga wa nyekundu nyingi kali za bei nafuu huvunjwavunjwa na mwanga wa jua, na akriliki iliyo bora kiasi gani haiwezi kuuokoa, kwa sababu kinachokufa ni unga, gundi iko hai.

Nyekundu inayodumu ni ile ya kutu ya chuma, ya rangi ya ngeu. Haing'ai sana, lakini jua halina la kuifanya. Katika mapango ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, kuna alama za mikono zilizopatikana kwa mtu kuweka kiganja kwenye jabali na kupuliza unga mwekundu kukizunguka. Mojawapo ina umri wa zaidi ya miaka 39,000. Kiganja kilikuwa kifuniko, na unga ukabaki. Ni kweli zilikuwa pangoni, si juani, lakini unga wa namna hiyo ndio ulio pia kwenye udongo mwekundu ambao jua limeupiga miaka yote bila kuubadilisha.

Nyeusi ya masizi hudumu, nyeupe ya titani hudumu, na buluu nyingi za kisasa hustahimili vizuri. Njano kali ziogope kama nyekundu. Onyo la umeme, la sumu au la maji yasiyofaa kunywa lisiandikwe kamwe kwa nyekundu ya bei nafuu. Liandike kwa nyeusi juu ya nyeupe.

Kinachobaki kwa jicho

Kifuniko hukupa ukingo. Hakikupi nafasi kati ya herufi. Pima LODWAR kwa rula, uache sentimita sawa kati ya kila herufi, na utaona W na A zimeachana kama zimegombana, kwa kuwa zote mbili zimelala upande mmoja. Zisogeze zikaribiane. L na O vilevile. Kazi hii ni ya jicho, na jicho hufunzwa. Chéri Samba, ambaye michoro yake leo iko katika makumbusho makubwa ya dunia, alianza 1972 kama mwanagenzi wa kuchora mabango Kinshasa, akafungua karakana yake 1975. Stensili haimwondolei fundi wa namna hiyo riziki. Inawasaidia walio mbali naye.

Kuhusu ukubwa, mafundi huhesabu hivi: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka bila shida kutoka mita 3. Herufi ya sentimita 10 basi ni ya mtu aliye mita 12 mbele yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa sekunde, na dereva wake atakuwa ameshapita. Kibao cha barabara kuu kinahitaji maneno machache na herufi kubwa mara tatu.

Na asiyesoma je? Karibu na Lokori, kaskazini mwa Kapedo, mawe ya makaburi ya Namoratung'a yamechongwa alama zinazofanana na zile ambazo Waturkana huwatia mifugo wao ili mwenye mali ajulikane. Watu wa huku wamesoma alama kwa muda mrefu sana. Stensili ya ng'ombe kando ya jina la duka la dawa za mifugo, au ya mtungi kando ya kisima, ni kazi ya nusu saa kwa wembe na manila, na inamfikia kila mpita njia.

Ombi langu ni kwa kamati za shule, za zahanati na za visima. Mnapomlipa mtu kuwaandikia kibao, mwombeni awaachie stensili na mabaki ya rangi katika kopo lililofungwa vizuri, na majina ya rangi alizotumia yaandikwe juu ya kopo hilo. Liwekeni kivulini. Kibao kikianza kufifia, mwalimu au mwanakamati yeyote ataweza kukiandika upya kwa asubuhi moja.